Mteja wangu alinificha kuhusu unga, na sasa hakuna kliniki inayomtaka

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili katika hospitali moja ya serikali jijini Dar es Salaam, na huu ni mwaka wangu wa sita kazini. Nakuandikia kwa sababu ya mteja mmoja ambaye amenifanya nianze kujiuliza kama bado naifaa kazi hii.

Kijana huyu ana umri wa miaka 27 na alikuwa dereva wa bodaboda. Mama yake alimleta kwetu mwaka jana akiwa halali usiku, anajibizana na sauti ambazo wengine hatuzisikii, na ameshikilia kwamba majirani wanamtilia kitu kwenye maji ya kunywa. Daktari alimwanzishia haloperidoli, dawa ya kutuliza sauti hizo, pamoja na benzheksoli ya kupunguza madhara yake, na baada ya wiki kadhaa akaanza kutulia. Nilipomuuliza kama anatumia dawa za kulevya alisema hapana, nami nikaandika hivyo katika faili lake. Baadaye alianza kuja kabla ya tarehe yake, kila mara na maelezo mapya: vidonge vimelowa mvua, vimesahaulika kwenye daladala, vimebaki Mbagala kwa dada yake. Alikuwa akiomba hasa benzheksoli, na mara nyingine diazepamu ya usingizi. Daktari alisita, lakini mimi nilimtetea kijana kikaoni, nikasema kwamba namfahamu yeye na mama yake na kwamba ni watu waaminifu.

Asubuhi moja mwezi wa Mei aliingia chumbani akisinzia huku akijikuna pua. Daktari alikuwa amesimama karibu na kabati akitafuta faili. Kijana alipoinama kufunga kamba ya kiatu, kete mbili, vipakiti vidogo vya heroini, zilidondoka kutoka kwenye soksi yake zikaanguka sakafuni katikati yetu. Kumbe alikuwa akivuta unga, yaani hiyo heroini, tangu kabla hajaletwa kwetu, na vidonge tulivyompa alikuwa akivimeza vingi kwa mpigo au kuviuza kijiweni. Daktari alinitazama, hakusema neno. Mimi ndiye niliyesema. Nilimwambia kijana, “Wewe ni teja tu, na teja haponi, utatupotezea muda mpaka ufe.” Mlango ulikuwa wazi, na waliokaa kwenye benchi nje walisikia, akiwemo mama yake.

Baada ya hapo iliamuliwa kwamba apewe rufaa ya kwenda kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, na asirudi kwetu mpaka awe ameacha unga. Huko walimrudisha na barua inayosema kwamba mteja anasikia sauti, kwa hiyo atibiwe akili kwanza. Amekwenda na kurudi hivyo mara tatu. Wiki iliyopita mama yake alikuja peke yake. Alikaa kwenye benchi lilelile, akafungua fundo la upindo wa khanga yake, akanionyesha noti moja ya shilingi 1,000 iliyobaki ya nauli, kisha akaniuliza, “Mwanangu, kati ya huku na kule, hospitali ni wapi?” Sikuwa na jibu.

Naomba unisaidie. Je, bado nina wajibu kwa mtu aliyenidanganya kwa karibu mwaka mzima? Nikiendelea naye, nitajuaje lini anasema kweli? Na wenzangu wananiambia kwamba tulitakiwa kutoa taarifa polisi siku ile ya kete, kwa kuwa kukutwa nazo ni kosa. Walisema kweli?

Muuguzi aliyechoka, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Swali lililo zito kuliko yote katika barua yako si lako bali ni la huyo mama mwenye fundo la khanga, nami naomba kuanza na hilo. Jibu lake ni kwamba hospitali ni huku na pia ni kule, kwa siku moja na kwa mtu mmoja, na kwamba waliomzungusha mwanawe mara tatu, pande zote mbili, wamefanya kosa moja wakalipa majina mawili.

Sisemi kwamba hawana sababu. Daktari wenu anataka kijana aache unga kwanza kwa kuwa anajua jinsi ilivyo vigumu kumpima akili mtu aliyelewa: sauti hizi ni za ugonjwa, au ni za bangi, au ni za kukosa usingizi? Ni kweli kwamba wiki kadhaa bila kilevi humsaidia daktari kuutambua ugonjwa. Lakini kinachomsaidia daktari kutambua hakiwezi kugeuzwa kuwa kiingilio cha mgonjwa. Wenzenu wa methadoni nao wanajua kwamba dawa yao inamtaka mtu aelewe anachokubali na afike kila siku bila kukosa, na wanaogopa kwamba anayebishana na sauti hataweza. Hofu hiyo ni ya haki, ila tiba yake ni kumtibu sauti huku akinywa methadoni. Wewe mwenyewe unajua tulivyoacha zamani kumzungusha mgonjwa wa kifua kikuu mwenye VVU kati ya vyumba viwili, na leo hakuna anayemwambia amalize kwanza kimoja ndipo aanze kingine. Huyu wako naye ana magonjwa mawili yanayolishana. Sauti zikizidi anatafuta kitu cha kumtuliza, akikosa hela anaingia arosto, yaani mateso ya mwili uliokosa unga, arosto inamnyima usingizi, na usiku wa tatu bila usingizi sauti zinarudi kwa kishindo.

Mtu akikwambia kikaoni kwamba wateja wa unga si wa watu wa akili, mkumbushe kwa adabu ilikoanzia huduma hiyo. Kliniki ya methadoni iliyofunguliwa Muhimbili mwezi Februari 2011 ilitangulia nyingine zote za umma Tanzania Bara, na miongoni mwa waliosimama kuianzisha ni Dkt. Jessie Mbwambo, ambaye ni daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Mwananyamala na Temeke zilifuata. Huduma hiyo ilizaliwa nyumbani kwetu, na inasikitisha kuona watoto wa nyumba moja wakiandikiana barua za kukataana.

Sasa nije kwenye maneno uliyoyasema mlango ukiwa wazi. Umeyaandika bila kujitetea, na hilo nimeliheshimu. Hata hivyo nadhani hujaiona vizuri hasira yako ilikotoka. Kete mbili sakafuni si jambo geni kwa muuguzi wa Dar es Salaam wa miaka sita. Kilichokuwasha ni kwamba ulikuwa umemtetea kikaoni, ukaweka jina lako juu ya uaminifu wake, na daktari yuleyule aliyekuwa amesita alikuwa amesimama pale akitazama. Uliaibika, na aibu ikatafuta pa kutokea. Nakwambia hivi ili ujue kwamba deni unalomdai kijana ni dogo kuliko unavyofikiri, kwa sababu hakukuomba umdhamini kwa daktari. Wewe ndiye uliyeamua hivyo, tena kwa moyo mwema. Siku nyingine mtetee mteja kwa kusema anahitaji nini, wala usimtetee kwa kusema ni mtu wa namna gani, ndipo akianguka hamtaanguka wawili.

Utamwomba radhi. Iwe fupi na isiwe na “lakini” ndani yake: “Siku ile nilikutukana mbele ya watu. Nilikosea.” Kwa kuwa mama yake alisikia, naye asikie. Usidai akusamehe papo hapo, wala usitumie nafasi hiyo kumhubiria. Na neno teja liache mlangoni hata mnapozungumza wauguzi peke yenu kwenye chai. Watumiaji wenyewe hulitumia kwa utani, na hiyo ni haki yao, lakini likitoka mdomoni mwa mwenye sare nyeupe lina uzito mwingine.

Unaniuliza utajuaje lini anasema kweli. Kwanza hebu ulikumbuke swali lako la mwaka jana. Nakisia mlivyokaa, kwa kuwa nami nimekaa hivyo mara nyingi: wewe na faili, kijana mbele yako, mama yake pembeni, na wewe ukisoma kutoka kwenye fomu, “Unatumia dawa za kulevya?” Niambie ni kijana gani wa Kiswahili atakayejibu ndiyo mbele ya mama yake, kwa mtu aliyekutana naye dakika kumi zilizopita, juu ya jambo ambalo linaweza kumpeleka jela. Hapana yake ilikuwa sehemu ya adabu kabla ya kuwa uongo. Mama alipaswa kuombwa asubiri nje kidogo. Kisha ungeanza mbali: sigara, pombe, bangi, ndipo unga. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali manane lililopangwa kwa mtindo huo, likianza na tumbaku na pombe, na halikupangwa hivyo kwa bahati. Mtu aliyekwisha kukujibu kuhusu sigara na bia amekwisha kuonja kwamba humshambulii.

Lugha nayo ina kazi. Badala ya “Unatumia?” jaribu kusema, “Vijana wengi wenye shida kama yako huniambia kuna kitu wanavuta ili walale. Wewe mara ya mwisho ilikuwa lini?” Akijibu “jana”, usiinue nyusi. Muulize swali ambalo katika miaka yangu yote limenifungulia milango kuliko mengine: “Unakusaidia nini?” Halafu nyamaza. Wapo watakaokwambia kwamba unga unawanyamazishia sauti, wengine watasema baridi, au msiba ambao hawajauzungumza na mtu. Mwanasaikolojia wa Marekani William Miller aliandika mwaka 1983 kuhusu kuzungumza na watu wenye tatizo la pombe kwa namna hiyo, na baadaye, pamoja na Stephen Rollnick aliyekuwa akifanya kazi Wales, akaikuza kuwa njia ya mazungumzo inayofundishwa sasa katika nchi nyingi. Walichokitambua ni rahisi kukisema na kigumu kukitenda: ukimsukuma mtu abadilike, anajitetea kwa nguvu ileile uliyomsukumia, na kila anapojitetea anazidi kujishawishi kubaki alipo. Ukimsikiliza vizuri, mara nyingi sababu za kubadilika atazitaja mwenyewe, na ukizisikia, mrudishie maneno yake polepole ayasikie.

Lakini mbinu hizo zote hazifui dafu iwapo ukweli unaadhibiwa. Kijana alipojulikana kwamba anatumia, alitukanwa na kufukuzwa. Kila mteja aliyekuwa kwenye benchi lile amejifunza kutoka kwenu jibu la kutoa akiulizwa.

Pia huhitaji ukweli wake wote ili ufanye kazi salama, kwa sababu mwili unasema. Mboni zilizosinyaa kama ncha ya pini, kusinzia katikati ya sentensi na kujikuna pua ni unga uliomo mwilini. Mboni zilizopanuka, kupiga miayo, machozi na kamasi visivyo vya mafua, vipele vya baridi kwenye ngozi, tumbo kukata na kuhara ni arosto, ambayo kwa anayetumia heroini huanza saa chache tu baada ya dozi ya mwisho na kuwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu. Usimfanyie tathmini ndefu akiwa katika hali yoyote kati ya hizo mbili. Mwulize yeye mwenyewe ni saa ngapi huwa na nafuu ya kukaa na kuzungumza, umpangie miadi saa hiyo. Kipimo cha mkojo kina manufaa, ila mwambie mapema unakipima kwa nini na matokeo yatatumikaje, kwa sababu kipimo cha mtego hukupa jibu moja na kukupotezea mteja.

Kuhusu dawa nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo watu wanapokufa, na ndipo barua yako iliponishtua. Umesema alikuwa akimeza benzheksoli nyingi kwa mpigo. Mwanangu, benzheksoli mnaitoa ili kuzuia ukakamavu na mtetemeko unaoletwa na haloperidoli, lakini ikizidi sana huchanganya akili na kumfanya mtu aone na kusikia visivyokuwepo. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba sehemu ya sauti mlizokuwa mkizitibu zilitoka katika stoo yenu ya dawa. Heroini peke yake si kawaida kumletea mtu sauti. Bangi kwa mtu mwenye mwelekeo huo huweza kuzileta na kuzizidisha, na kwa kuwa vijana wengi huvuta unga uliochanganywa na bangi katika msokoto mmoja, muulize anavuta nini na nini. Mweleze daktari hayo yote. Muulize pia kama inafaa kijana ahamishiwe sindano ya kila mwezi ya flufenazini, dawa nyingine ya kutuliza sauti, ambayo haiwezi kusahaulika kwenye daladala wala kuuzwa kijiweni, na kama benzheksoli inahitajika kweli au iliandikwa kwa mazoea.

Diazepamu ni jambo jingine. Ikikutana mwilini na heroini au methadoni, hasa na pombe ikiongezwa, pumzi inaweza kupungua taratibu mtu akiwa usingizini mpaka ikakoma. Sipendi kuiona mkononi mwa mteja wa unga ili akainywe nyumbani. Hata hivyo, kama amekuwa akiimeza kila siku kwa muda mrefu isikatwe ghafla, kwa sababu kuikata ghafla, kama ilivyo kwa pombe kwa mlevi wa kila siku, huweza kuleta degedege na hata kuua, jambo ambalo arosto ya heroini peke yake, pamoja na mateso yake yote, si kawaida kulifanya kwa kijana mwenye afya anayepewa maji ya kutosha.

Akishaanza methadoni, kuna dawa ambazo zinamhusu mtu wa akili moja kwa moja. Karbamazepini, ambayo tunaitoa kwa kifafa na kwa kutuliza hisia, huifanya methadoni iishe haraka mwilini. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya hivyo pia, na efavirenzi ya VVU kwa wale ambao bado wanaitumia. Mteja aliyekuwa ametulia huanza arosto saa chache kabla ya dozi inayofuata, anarudi kijiweni kujazia, na wahudumu wanaandika kwamba ameshindwa tiba. Hakushindwa, ila kliniki moja iliandika dawa bila kuuliza kliniki nyingine. Kwa upande mwingine, haloperidoli na methadoni zote mbili huweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo panapopatikana kipimo cha umeme wa moyo, na kifanyike. Na mteja akikosa methadoni siku tatu mfululizo, dozi yake ya zamani isiendelezwe kama vile hakuna kilichotokea. Apimwe upya na daktari kabla ya kuinywa.

Hapo nina hadithi ambayo siipendi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika wodi ambayo sitaitaja, tulikuwa na kijana wa unga aliyekaa kwetu wiki tano. Aliongezeka uzito, akaanza kuwasaidia wenzake kufua, sauti zikanyamaza. Siku ya kuruhusiwa tulimpigia makofi mlangoni. Kwa furaha hiyo alisahau viatu vyake vya ngozi, akaondoka na kandambili za wodini. Siku ya nne kaka yake alikuja kuvichukua ili wavipeleke pamoja na nguo zake nyumbani kwao, wanakokwenda kumzika, na akatuambia walimkuta chooni. Alikuwa amerudia kiasi kilekile alichokizoea kabla ya wiki zile tano, na mwili ulikuwa umekwisha kukisahau. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia kwamba jambo hilo linaweza kumtokea. Tuliona kwamba kumwambia ni kama kumtakia mabaya.

Kwa hiyo wewe mwambie, tena waziwazi, kila anapotoka wodini, rumande au katika nyumba ya upataji nafuu: ukirudia, na natumaini hutarudia, kiasi cha zamani kitakuua, na usivute peke yako mahali ambapo mlango umefungwa. Mfundishe na mama yake. Anayekoroma kwa namna isiyo ya kawaida, asiyeamka hata akitikiswa, mwenye midomo iliyobadilika rangi na pumzi za kuhesabika, alazwe ubavu na akimbizwe hospitali, asimwagiwe maji wala kunyweshwa maziwa. Hospitalini kuna naloksoni, na ikitolewa mapema humrudisha mtu. Hakikisha tu kwamba kwenu ipo, kwamba iko mahali ambapo zamu ya usiku inapajua, na kwamba mtu hawi ameondoka na funguo.

Swali la polisi nitalimaliza haraka. Ni kweli kwamba sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya inafanya kumiliki kete kuwa kosa. Lakini wewe ulizikuta kete hizo ukiwa muuguzi, ndani ya chumba cha tiba, na siri ya mteja ndiyo inayomfanya aingie chumbani humo. Siri hiyo ina mipaka: akitishia uhai wake au wa mwingine, au mtoto akiwa hatarini, utasema. Kete mbili za matumizi yake si hayo. Zikidondoka tena, usizitie mfukoni mwako wala kuzitupa kwa siri. Mwite muuguzi mfawidhi, zishughulikiwe mbele ya mashahidi wawili kwa utaratibu ulioandikwa, na kama utaratibu huo haupo basi umeshapata ajenda ya kikao kijacho.

Kuendelea naye hakuna maana ya kukubali kila hadithi ya mvua na daladala. Dawa apewe za siku chache, vidonge vilivyopotea visirudishwe, na kanuni hiyo iwe ileile kwa kila mteja wa aina yake, ili asiione kama kisasi. Usimpe hela yako, hata ya nauli. Nauli ipitie kwa afisa ustawi wa jamii kama kuna mfuko wake. Na mama asionekane kama mlinzi wenu wa vidonge tu. Muulize analala saa ngapi, na kama amekuwa akitoa hela ya kete ili kijana asiibe kwa majirani. Wengi hufanya hivyo, na hulia wakiulizwa kwa upole, kwa sababu walidhani ni wao peke yao.

Kuhusu barua za rufaa, achana nazo kwa sasa. Kama hujawahi, omba ruhusa ukasimame asubuhi moja karibu na dirisha la methadoni. Mteja anataja jina lake, muuguzi anapima dawa ya maji, mteja anainywa palepale na kufuatisha maji, kisha anatakiwa aseme neno lolote, hata “ahsante dada”, ili ionekane amemeza. Ni hivyo kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Ukishaona hayo utaelewa ninachotaka kupendekeza: kama bado anatumia vidonge vya akili, kwa nini avinywe nyumbani ambako vinapotea, wakati kuna dirisha ambalo kila siku mtu anamtazama akimeza? Baadhi ya kliniki zimekwisha kuzoea kutoa dawa za kifua kikuu kwa utaratibu huohuo. Mpigie simu muuguzi mwenzako wa kule, umweleze hivyo kwa mdomo, mkubaliane nani atampima sauti na nani atampima dozi, na siku ya kwanza nenda naye wewe mwenyewe. Kwa kuwa kliniki hizo kwa desturi hupokea watu kupitia asasi za kiraia zinazofanya kazi vijiweni, uliza ni ipi inayohudumia eneo lake. Watu wao wa mitaani watampata kijana hata siku ambazo simu yake iko dukani kwa rehani.

Na wewe tafuta mtu mmoja pale kazini, si lazima awe mkubwa wako, wa kukaa naye nusu saa kila wiki mzungumze wateja waliowachosha. Ukimkosa, niandikie mimi. Naomba uniandikie hata hivyo, ila subiri mpaka miadi ya pili, kwa maana ya kwanza huenda asije.

Mama Mshauri